Dawa ya Nusu kwa Nusu

Bi Mkasi alijua kwamba mdogo wake anapungua kabla mwenyewe hajakubali, kwa kuwa suruali za Nyundo zilipita mikononi mwake. Ile ya kijivu aliipunguza kiuno wakati wa mvua kubwa, na mvua hazijakatika vizuri ikarudi tena juu ya cherehani, imekunjwa kwa adabu kana kwamba ndiyo mara yake ya kwanza kufika hapo. Alipouliza, Nyundo alisema kitambaa kimelegea. Kitambaa hicho alikichagua Bi Mkasi mwenyewe, na kama kuna mtu duniani anayejua kipi kinalegea na kipi hakilegei, ni yeye. Siku hiyo alifunga mdomo, jambo ambalo si kawaida yake. Alishona, akakata uzi kwa meno, akamrudishia suruali yake.

Karakana yao ilikuwa chumba kimoja kirefu nyuma ya duka la rangi. Upande wa mlangoni Nyundo alitengeneza fremu za sofa, akavuta mikanda na kugongelea misumari midogo aliyoibana midomoni. Upande wa dirishani dada yake alikata na kushona vitambaa, mkasi ukining'inia shingoni kwa utepe. Wateja walimpa jina kwa sababu ya mkasi huo, ingawa wapo waliosema ni kwa sababu ya ulimi. Katikati yao kulikuwa na rundo la sponji linalopanda na kushuka kufuatana na kazi, na waliongea juu yake kutwa nzima bila kuonana nyuso. Karakana waliachiwa na baba yao, na baba yao alikufa kwa saratani ya tumbo.

Tuseme kweli, hakuna aliyeiita saratani mpaka siku za mwisho. Miaka yote iliitwa vidonda vya tumbo, na vidonda vya tumbo kila mtu anavyo, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Mzee alitafuna vidonge vya kiungulia kama karanga, akashushia sigara. Chakula chochote alikitia chumvi kabla hajakionja, na mpishi akinuna alisema chumvi haijawahi kuua mtu. Alipokonda sana wakampeleka hospitali kwa nguvu, akaingizwa tumboni ule mpira wenye kamera, na hakumaliza mwezi. Nyumbani hesabu ikapigwa haraka. Kabla ya mpira alikuwa anatembea, baada ya mpira amekufa, basi mpira ndio uliomuua. Bi Mkasi aliiamini hesabu hiyo kwa miaka mingi, na Nyundo aliishika kama dini.

Imani ya Bi Mkasi ilivunjwa na tumbo lake mwenyewe. Kiungulia kilimwandama mpaka akaenda hospitali, akakutana na daktari wa kike, mtulivu, mwenye macho ya kuuliza. Daktari alitaka kujua nani katika ukoo amewahi kuugua tumbo. Aliposikia habari za mzee, aliweka kalamu chini na kusema Bi Mkasi lazima apigwe kamera. Bi Mkasi alirudi nyumbani akafua kila kitu, akapanga kabati, akamwachia jirani ufunguo, yaani alijiandaa kama mtu anayeaga. Siku ya kipimo alipuliziwa dawa ya ganzi kooni, akaambiwa apumue kwa pua, akatokwa machozi na makamasi, na kabla hajamaliza kuwaombea wanawe wote akasikia wanasema tayari. Karibu akasirike. Kumbe kitu kilichoogopwa na ukoo mzima ni kifupi kuliko kumngoja mteja aliyesema yuko njiani.

Majibu hayakuwa mepesi, lakini hayakuwa kaburi pia. Tumboni mwake alikuwemo bakteria mmoja ambaye, kwa maelezo ya daktari, watu wengi humpata utotoni kutoka kwa watu wa nyumbani, kwa mikono isiyooshwa na maji yasiyo safi, wakaishi naye miaka bila kujua. Wengi hawapati saratani kamwe. Lakini kwa Bi Mkasi ukuta wa ndani wa tumbo ulikuwa umechubuka muda mrefu, na sehemu fulani zimeanza kubadilika. Hiyo si saratani, daktari alisisitiza, ila ni njia inayoweza kufika huko, hasa kwa mtu ambaye mzazi wake alishafika. Chumvi nyingi huifupisha njia hiyo, na vyakula vya kukaushwa kwa moshi na chumvi, na sigara. Matunda na mboga za kila siku humsaidia mtu, lakini la kwanza kabisa ni kumuua bakteria. Alipewa dawa za wiki mbili, asubuhi na jioni, na akaonywa asiruke hata kidonge kimoja. Kisha daktari akauliza kama ana ndugu. Ndugu wa tumbo moja nao wapimwe, alisema, na mwenye maumivu asingoje.

Bi Mkasi alitoka na mfuko wa dawa na roho juu. Yeye alikuwa amepata wa kumshika mkono. Aliyemtia hofu sasa ni yule wa upande wa pili wa sponji.

Maana wifi yake, mke wa Nyundo, alikuwa ameshamnong'oneza. Mwanamume anashiba kwa matonge mawili, alisema, kisha anajifanya amekula mchana. Alfajiri anatapika uani na kufungulia bomba ili asisikike. Sigara ndiyo kwanza imeongezeka. Wifi alikuwa amesema mpaka amechoka, na sasa akisema tena anaambiwa anamwombea mumewe kifo.

Bi Mkasi alijaribu kwa mabavu, alijaribu kwa upole, akajaribu hata kwa mzaha. Alimweleza Nyundo jinsi alivyoingizwa mpira na kutoka akiwa na njaa. Nyundo alitoa misumari mdomoni mmoja mmoja, akaipanga kwenye ukingo wa fremu, akajibu kwamba yeye ana kidonda tu, na kidonda hakipigwi picha. Dada ana bahati yake, alisema. Baba hakuwa nayo. Sikio la kufa halisikii dawa, Bi Mkasi aliwaza, kisha akajilaani kwa kuwaza hivyo, akagusa mbao za meza kwa vidole vyote.

Hapo ndipo akafanya kosa lake, na lilitokana na malezi.

Mama yao, Mungu amrehemu, aliwalea kwa kanuni moja. Kikipatikana kitu kimoja, mmoja anakata, mwenzake anachagua. Bi Mkasi ndiye aliyekata siku zote, na Nyundo akachagua, hivyo Bi Mkasi alijifunza kukata sawa kabisa, na watu wanaosifia mkono wake leo hawajui ulifundishwa na kipande cha mkate. Ukubwani hawakuacha. Walikata faida ya karakana, walikata zamu za kumuuguza mama, walikata hata kanga na magauni aliyoyaacha. Kwao hao wawili, kumeza kitu kizima peke yako huku mwenzako anaumwa ilikuwa karibu na wizi.

Basi jioni ile alimwaga dawa juu ya meza ya kukatia na kuzitenga. Za asubuhi zake. Za jioni za Nyundo. Alizitia kwenye bahasha, na kesho yake akamwambia kwamba daktari, kwa huruma, ametoa na za kwake, na kwa kuwa kidonda chake ni kidogo atameza jioni tu. Ilikuwa mara ya kwanza maishani kukata bila kumwachia mwenzake achague. Nyundo aliitazama bahasha, akamtazama dada yake, akauliza kama hakuna mpira. Hakuna, alisema Bi Mkasi. Nyundo akacheka, akaitia mfukoni.

Na wallahi alipona, au hivyo ndivyo ilivyoonekana. Siku chache tu, akala sahani nzima mbele ya watu. Alianza kupiga mluzi tena. Kila asubuhi Bi Mkasi alimuuliza vipi tumbo, naye akajibu tumbo gani. Wifi alisema bomba la uani limenyamaza. Bi Mkasi alijiona mjanja kuliko hospitali nzima. Alimeza nusu yake kwa furaha, ikaisha, akaacha kuwaza, akapokea kazi ya viti vya ukumbi wa harusi.

Ila ile suruali ya kijivu ikarudi kwa mara ya tatu.

Nyundo aliiweka juu ya cherehani akasema amekaza mwili, ndiyo maana kiuno kinapungua, kazi ya viti si mchezo. Bi Mkasi alizungusha futi kiunoni mwake. Kilikuwa kimepungua tena. Usiku huo usingizi ulimruka. Kama anakula, chakula kinakwenda wapi?

Siku ya kurudi hospitali ilipofika, alikwenda na choo chake kwenye kikopo, maana hivyo ndivyo wanavyoangalia kama bakteria amekufa. Majibu yakasema hajafa. Daktari aliyasoma mara mbili, akamuuliza taratibu kama alimeza zote.

Bi Mkasi angeweza kudanganya. Ulimi wake haujawahi kukosa la kusema. Lakini alikuwa ameichoka hofu, na ile suruali ilikuwa mbele ya macho yake, basi akamwaga mtama wote. Alieleza bahasha, alieleza za asubuhi na za jioni, alieleza hata kanuni ya mama. Mwishoni aliongeza, kama mtu anayeomba kupunguziwa adhabu, kwamba angalau mdogo wake amepona.

Daktari hakufoka. Ingekuwa afadhali angefoka.

"Dawa ya nusu haimuui bakteria, mama. Inamfundisha kuishi nayo. Wewe nitakupa nyingine, za aina tofauti, na hizo utameza peke yako." Kisha akavuta kiti karibu. "Lakini huyo ndugu yako ndiye ananitisha. Kati ya dawa zile ipo inayopunguza asidi. Hiyo hutuliza kila kidonda, hata kile kibaya. Akisema amepona, hatujui kitu. Anaendelea kukonda?"

Bi Mkasi aliitikia kwa kichwa.

"Basi aje wiki hii," alisema daktari.

Njia ya kurudi aliipita bila kuiona. Alijiambia kwamba amemnunulia mdogo wake kimya. Ugonjwa ulikuwa unapiga kelele, na yeye, dada mwenye mapenzi, akauziba mdomo kwa mkono wake mwenyewe. Alipofika karakana, Nyundo alikuwa amepiga goti mbele ya kiti, anavuta kitambaa, misumari midomoni. Bi Mkasi alifunga mlango. Alisogeza sponji kwa mguu mpaka wakaonana.

"Zile dawa zilikuwa zangu," alisema. "Daktari hakukupa kitu. Nilikugawia nusu."

Nyundo alitema misumari kiganjani. Akaipindua pindua.

"Ukameza nusu wewe?"

"Nikameza nusu. Na yule mdudu bado yumo. Wananianzishia dawa upya."

Bi Mkasi alikuwa amejiandaa kwa ubishi. Alikuwa na maneno ya kutosha siku tatu. Hakujiandaa kuona uso wa mdogo wake, mwenye mvi, baba wa watoto wanne, ukijikunja kama wa mtoto aliyevunja kitu cha watu. Nyundo alijaribu kusimama, akashindwa, akakaa juu ya kile kiti ambacho hakijakamilika.

"Dada, mimi sikupona," alisema. "Zilinisaidia siku zile za mwanzo tu. Zilipoisha, maumivu yakarudi kuliko ya kwanza. Choo changu ni cheusi kama lami, mwezi mzima sasa. Nilikuwa natapika huku karakana, kabla hujafika, ili mama watoto asinisikie."

"Kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa umefurahi," alisema Nyundo. "Kila asubuhi unaniuliza umefurahi. Ningekujibu nini?"

Bi Mkasi alikaa chini sakafuni, katikati ya vipande vya kitambaa, akalia waziwazi. Hakulia kwa hasira. Alilia kwa sababu alielewa kwamba wamefanyiana kitu kilekile, yeye kwa dawa na mwenzake kwa uongo, na kwamba mapenzi yao yote hayo yalikuwa yakimlisha ugonjwa. Alipomaliza alijifuta kwa sponji, akamwambia Nyundo avae shati safi. Nyundo hakuuliza wanakwenda wapi. Alisema tu kwamba kama ni wakati wake, basi ni wakati wake, naye dada yake akamwambia anyamaze, wakati wake utasemwa na daktari.

Kipimo kilifanywa baada ya siku mbili. Nyundo alitetemeka mpaka kitanda kikalia. Bi Mkasi aliruhusiwa kusimama upande wa kichwa, akamshika sikio, kwa sababu mikono ilishikwa na muuguzi. Kwenye kioo cha mashine yeye aliona ukuta mwekundu, unyevunyevu, kisha pakatokea mahali ambapo rangi haikuwa ile, na kingo zake zimeinuka. Hakuna aliyemwambia kitu. Lakini daktari aliacha kuongea, na mkono wake ukaanza kuchukua vipande vidogo vya nyama, kimoja baada ya kingine, kutoka mahali palepale.

Kungoja majibu kulimtesa Bi Mkasi kuliko yote. Alishona mshono ukapinda, akafumua, akashona tena ukapinda. Aliondoa kopo la chumvi mezani kwake, akaenda mpaka kwa wifi akaliondoa na la huko. Wifi alimpisha. Wote wawili walijua kwamba kwa Nyundo kopo hilo linaondoka kwa kuchelewa. Nyundo naye alikuwa mpole kupita kiasi, anaomba radhi kwa vitu vidogo, na upole huo ulimwogopesha dada yake kuliko ukaidi. Sigara aliziacha siku ileile ya kipimo. Hakutangaza. Pakiti ilibaki juu ya dirisha la karakana, na hakuna aliyethubutu kuigusa.

Kisha majibu ya vile vipande yalitoka, wakampiga na picha kubwa ya tumbo na kifua, ndipo wakaitwa. Daktari aliongea na Nyundo uso kwa uso, kwa maneno ya kawaida. Ni saratani. Kwa jinsi picha zinavyoonyesha, bado imo ndani ya tumbo, haijaonekana kwingine. Atapewa dawa kali kwanza, kisha watamkata sehemu kubwa ya tumbo, na atajifunza kula kidogo kidogo maisha yake yote. Hawezi kumwahidi, alisema, lakini si kama baba yake. Baba yake aliletwa ugonjwa ukiwa umeshamaliza kazi. Mpira ulimkuta anakufa, ukaonyesha tu.

Bi Mkasi aliuliza swali alilokuwa amelilalia kwa siku zote hizo.

"Zile wiki nilizompa dawa zangu. Zile wiki alizonyamaza. Zimemgharimu nini?"

Daktari alifikiri kabla ya kujibu, na kwa hilo Bi Mkasi alimheshimu.

"Sijui, mama. Na wewe hutajua. Meza dawa zako."

Hapakuwa na faraja katika jibu hilo, na Bi Mkasi hakuitafuta. Alimgeukia mdogo wake, akitegemea kumwona amevunjika. Nyundo alikuwa ameinamia mbele, viwiko magotini, kama anapokadiria fremu, na alipoongea hakuuliza habari za kisu wala za kufa.

"Nina watoto wanne. Binti yangu mkubwa anasoma chuo, mbali. Juzi kwenye simu alisema ana kiungulia, nikamwambia ni vidonda, vitapita."

Daktari alisema wale wadogo wasihangaishwe na vipimo kama hawaumwi. Kwao waanze na maji safi, mikono safi na chakula kisicho na chumvi nyingi. Huyo mkubwa, kwa kuwa analalamika na ana babu na baba wenye ugonjwa, apimwe mapema, kwanza choo, na ikibidi kamera.

"Hatakubali kamera," alisema Nyundo.

"Kwa nini asikubali?"

Nyundo alitazama mikono yake. "Kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia kwamba mpira ulimuua babu yake. Tangu mdogo namwambia."

Bi Mkasi alitaka kusema atampigia yeye, kwamba hayo maneno ni ya shangazi, lakini Nyundo alikuwa ameshatoa simu. Simu iliita muda mrefu. Binti alipopokea, baba yake alisimama, akasahau salamu, akasahau kwamba bado hajamwambia hata kuwa anaumwa.

"Mwanangu, mimi baba yako," alisema. "Ule mpira wameniingiza juzi. Sikia sauti yangu. Bado naongea na wewe."